Ini, Kiini na Kiambishi -ni: Safari ya Neno Moja la Kibantu

Utangulizi

Mwanafunzi akilitafuta neno ini katika kamusi zetu, aghalabu atakutana na maelezo mafupi: kiungo cha ndani ya mwili ambacho husafisha damu na kutengeneza nyongo. Baada ya hapo kamusi hupita njia yake. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni maelezo ya daktari na mchinjaji. Makala haya yanadhamiria kulitazama neno lenyewe kwa jicho la mwanaisimu: jamaa zake ni nani, lugha nyingine zinakiitaje kiungo hiki na zinakibebesha maana gani, na hatimaye kuipima hoja moja yenye uzito kwamba neno hili dogo ndilo lililozaa kiambishi tunachokitumia kila siku tusemapo nyumbani, shuleni na sokoni. Iwapo hoja hiyo ni sahihi, basi hakuna msemaji wa Kiswahili awezaye kuzungumza kwa muda mrefu bila ya kulitaja ini, ajue asijue.

Ini na jirani yake nyongo

Kisarufi, ini ni nomino ya ngeli ya LI-YA, na wingi wake ni maini. Jikoni na buchani wingi ndio hutawala. Mtu hununua maini nusu kilo, hata kama yote yametoka katika ini moja la ng'ombe mmoja. Wingi huu unafanana na ule wa mate na maziwa, ambao hautaji idadi bali hutaja kitu kwa ujumla wake. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba wingi uo huo hujitokeza tunapozungumzia hisia. Maneno makali humkata mtu maini, ilhali kila mtu ana ini moja tu tumboni mwake, chini ya mbavu za kulia.

Nahau hii ya kukata maini ina maana ya kumtia mtu uchungu mkubwa. Baadhi ya walimu huifasiri kuwa ni sawa na kuvunja moyo, nami naona fasiri hiyo haitoshi. Aliyevunjwa moyo amepoteza hamu na nguvu za kuendelea. Aliyekatwa maini huenda akaendelea na shughuli zake zote, ila kuna kisu kimebaki ndani. Washairi wa pwani waliijua tofauti hii, na ndiyo maana panapotajwa mahaba na huzuni katika tungo zao, ini na maini hutajwa pamoja na moyo na mtima, kila neno na kazi yake. Katika insha nyingi za wanafunzi wa leo, hisia zote zimehamishiwa moyoni: furaha ni ya moyo, hasira ni ya moyo, uchungu ni wa moyo. Yamkini hii ni athari ya Kiingereza, na kwa kadiri hiyo Kiswahili kimepunjwa.

Ini haliishi peke yake. Limebeba nyongo mgongoni, na kila aliyewahi kumpasua kuku anajua hadhari inayotakiwa: kifuko cha nyongo kikipasuka, maini yote huwa machungu na hayaliki tena. Nahau ya kutumbukia nyongo, yaani jambo kuharibika au mtu kuchukiwa pale alipokuwa akipendwa, naamini ilizaliwa papo hapo, juu ya ubao wa kukatia nyama. Neno nyongo lenyewe ni la kale katika Kibantu. Wagikuyu wanaliita vivyo hivyo nyongo, na Wazulu, walio mbali nasi maelfu ya kilomita, huliita inyongo.

Sasa tazama kinachotokea tukiongeza kiambishi awali ki-. Kutokana na nyongo tunapata kinyongo, yaani chuki iliyofichwa. Kilichokuwa kiungo cha mwili kimekuwa hali ya nafsi. Tukifanya hivyo hivyo kwa ini tunapata kiini. Kiini cha yai, kiini cha kokwa, kiini cha hoja, kiini cha mgogoro: vyote ni sehemu ya ndani kabisa, ile ambayo ikiondolewa kilichobaki ni ganda. Wanabayolojia wetu walipohitaji istilahi waliliendea neno hili hili, wakasema kiini cha seli, na kiinitete kwa kiumbe kinachoanza kukua tumboni au ndani ya yai. Katika kiini, maana ya nyama na damu imefifia, na maana ya undani ndiyo iliyobaki. Naomba msomaji aishike hatua hii, maana tutairudia.

Majina mengine ya ini

Mtu angetarajia kwamba kiungo kikubwa kama hiki, chenye uzito wa takriban kilo moja na nusu kwa mtu mzima, kingekuwa na jina moja katika lugha zote za Kibantu. Sivyo. Shina -ini huhesabiwa miongoni mwa mashina ya kale ya Kibantu, lakini lugha nyingi ama zimelitupa ama zimelipa kazi nyingine. Waganda husema ekibumba. Washona husema chiropa, neno lililojengwa juu ya ropa, yaani damu, na kwa hakika hakuna kiungo kinachostahili zaidi jina hilo. Wanyarwanda husema umwijima, na neno lenye umbo hilo hilo kwao lina maana ya giza. Mtu akilikumbuka ini mbichi na weusi wake, hatashangaa.

Kusini zaidi kuna jina lililoenea sana. Kizulu na Kixhosa husema isibindi, Kichewa husema chiwindi, na Kisotho na Kitswana husema sebete. Kwa macho sebete haifanani na isibindi, lakini ni neno moja. Viambishi isi-, chi- na se- ni ndugu wa ki- yetu, kama yanavyodhihirisha majina ya lugha zenyewe: isiZulu, Chichewa, Sesotho, Kiswahili. Na pale ambapo Kizulu kina nd, Kisotho huwa na t: Mzulu akisema linda kwa maana ya kungoja, Msotho husema leta, na sote twaona kwamba hili ni lile linda letu la kuhifadhi na kuchunga. Kwa kanuni hiyo hiyo bindi ikawa bete.

Maana ya ziada ya neno hili ndiyo inayovutia. Kwa Mzulu, mwenye isibindi ni shujaa. Kwa Msotho, sebete ni ini na pia ni ushujaa. Sisi tumeuweka ujasiri moyoni, ndipo tukasema piga moyo konde. Wao wameuweka kwenye ini. Waajemi nao wana jigar, yaani ini, ambalo kwao hutaja pia ujasiri na humwita mpenzi. Waitalia husema kuwa na fegato, yaani kuwa na ini, wakimaanisha kuwa na uthubutu. (Neno fegato, pamoja na foie la Kifaransa na hígado la Kihispania, lina kisa cha jikoni. Kilatini cha kale kiliita ini iecur. Warumi walipenda ini la mnyama aliyenoneshwa kwa tini, wakaliita ficatum, kutokana na ficus, yaani tini. Hatimaye jina la mapishi likalifukuza jina la kiungo, na leo mamilioni ya watu hulitaja tini kila wanapotaja ini.)

Hatuna haja ya kwenda hadi Ulaya kupata mfano wa ini kuwa makao ya nafsi. Hapa Kenya, Mjaluo akisema chuny anataja ini, na neno hilo hilo ndilo analotumia kwa nafsi na kwa moyo wa hisia. Moyo unaodunda, ule wa nyama, una jina lake mbali: adundo. Mfasiri anayegeuza chuny kuwa moyo katika Kiswahili hajakosea, lakini ajue amekihamisha kiungo kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine.

Kiarabu kilipita wapi?

Kwa kuwa Kiswahili kimekopa sana kutoka Kiarabu, na kwa kuwa roho na akili ni maneno ya mkopo, ni haki kuuliza kama Kiarabu kiliacha alama yoyote kwenye ini. Waarabu huliita kabid, na utajiri wa shina hilo si haba. Mtoto kwao ni kipande cha ini la mzazi wake. Katikati ya mbingu ni ini la mbingu. Katika aya ya 4 ya Sura Al-Balad limo neno kabad, la shina hilo hilo, lenye maana ya taabu na mashaka. Kiebrania, nduguye Kiarabu, kina kaved: ini, na pia kizito. Kutokana na uzito huo likapatikana kavod, yaani utukufu, nasi tunaoita mtu mashuhuri mtu mzito hatuwezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Mwandishi wa kitabu cha Maombolezo, sura ya 2 aya ya 11, aliuweka msiba wake kwenye ini. Tafsiri kadhaa za Kiingereza za karne ya 20 zilimhamishia moyoni.

Pamoja na utajiri huo wote, Kiswahili hakikulikopa kabid. (Kitenzi -kabidhi kisimpoteze mtu: hicho kimetokana na shina jingine la Kiarabu, lenye maana ya kushika kwa mkono.) Moyo, ini, nyongo na tumbo ni Kibantu. Jina la kiungo hiki lilikuwapo, lilikuwa na kazi nyingi, na halikuhitaji msaidizi.

Kutoka ini hadi -ni

Tufike sasa kwenye hoja kuu. Mwaka 1994, Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walichapisha makala yenye kichwa cha Kiswahili, Kiinimacho cha mahali: kiambishi tamati cha mahali -ni. Kichwa hicho kina mzaha wa kitaalamu ndani yake, kwa kuwa neno kiinimacho lina kiini, na kiini kina ini. Walichopendekeza ni kwamba kiambishi cha mahali -ni kimetokana na nomino ya Kibantu yenye maana ya ini.

Kabla ya kuipima hoja hii, tutenganishe vitu vinavyofanana kwa sauti. Katika Kiswahili kuna -ni ya wingi wa wanaoambiwa, kama katika karibuni na imbeni. Kuna -ni ya kuuliza, kama katika wafanyani? Kuna pia ni, kitenzi kishirikishi. Hayo hayamo katika mjadala huu. Tunazungumzia -ni ya mtini, mjini na kisimani peke yake.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni umbo. Nyumbani ina -ni, si -ini. Je, irabu i imetoka wapi? Hapa Kiswahili kikitazamwa pweke hakitusaidii, lakini ndugu zake wanatusaidia. Kigikuyu husema nyũmba-inĩ, irabu ikiwa bado ipo wazi. Katika Kizulu, nyumba ni indlu na nyumbani ni endlini. Mlima ni intaba na mlimani ni entabeni. Kwa nini entabeni? Kwa sababu a ya intaba imekutana na i ya -ini, zikaungana na kuwa e, kama vile wingi wa jino katika Kiswahili ulivyokuwa meno badala ya maino. Kisotho nacho: mlima ni thaba, mlimani ni thabeng, i imejificha ndani ya e na n ya mwisho imekuwa ng. Ni wazi basi kwamba kiambishi hiki hapo kale kilikuwa -ini, silabi mbili kamili, yaani umbo linalofaa kuwa nomino. Kiswahili kimeidondosha irabu ya kwanza tu.

Jambo la pili ni maana. Yawezekanaje kiungo cha mwili kiwe kiambishi cha mahali? Hili si ajabu hata kidogo. Neno letu mbele lina asili moja na neno la Kibantu la ziwa la mwanamke, ambalo Wazulu bado huliita ibele: kilicho mbele ya mtu ni kifua chake. Lakini je, ini hasa linaweza kuwa ndani? Ushahidi ulio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, hautoki katika Kibantu. Uko ng'ambo ya bahari, Madagascar, kisiwa ambacho lugha yake ni jamaa ya lugha za Borneo na Kimalei. Katika Kimalagasi ini huitwa aty. Ndani huitwa anaty, na ukilifumua neno hilo unapata "kwenye ini". Mmalagasi akitaka kusema ndani ya nyumba, husema ao anatin'ny trano, na ini limo katikati ya kauli hiyo. Kimalei chenyewe kina hati, ambalo ni ini na ni makao ya hisia: mwenye sakit hati, kwa maana ya neno kwa neno "ugonjwa wa ini", ni mtu aliyeudhika. Kwa hiyo familia ya lugha isiyo na undugu wowote na Kibantu ilipita njia ile ile: ini, kisha undani wa mtu, kisha undani wa kitu chochote. Na kiini chetu, tulichokiona hapo awali, kiko katikati ya njia hiyo hiyo.

Hoja hii haikosi maswali, na mwanafunzi makini hatakosa kuyauliza. La kwanza ni kwamba -ni ya leo haimaanishi ndani tu. Mezani ni juu ya meza, mlimani si ndani ya mlima, na mlangoni ni karibu na mlango. Jibu ni kwamba viambishi vinavyotumika mno huchakaa maana, na kazi ya kubainisha huachiwa upatanisho: mezani pana kitabu, mezani mna mchwa, mezani kuna vurugu.

Upatanisho huo wenyewe unazua swali la pili. Kama -ni ni nomino ya ngeli ya LI-YA, mbona hatusemi nyumbani lake? Hapa historia inatupa jibu zuri. Lugha kama Kiganda na Kinyarwanda huonyesha mahali kwa kutanguliza kiambishi: Mnyarwanda husema mu nzu, Mganda husema mu nnyumba. Huo ndio utaratibu wa kale. Katika Kizulu, e- iliyo mwanzoni mwa endlini ni alama ya mahali inayotangulia, na -ini imekuja nyuma yake kama nyongeza ya kusisitiza. Kiswahili nacho kilikuwa na vitangulizi hivyo. Baada ya -ni kukolea, vitangulizi viliangushwa kwenye nomino, lakini upatanisho wake ukabaki. Ndiyo sababu tunasema nyumbani pake, kwake na mwake, ingawa nyumbani haina pa, ku wala mu popote. Ngeli ya PA-KU-MU, inayowasumbua sana wanafunzi wa shule za upili, ni kivuli cha viambishi vilivyokwisha kuondoka.

Swali la tatu ndilo gumu, nami sioni vyema kulifunika. Katika Kibantu kinachomilikiwa hutangulia: mlango wa nyumba, ini la mbuzi. Tungetarajia "ini la nyumba", lakini tumepata nyumba-ini, mpangilio uliopinduka. Anayeitetea hoja hii inambidi aseme kwamba maneno haya mawili yaliwekwa bega kwa bega bila ya umilikishi, la pili likilifafanua la kwanza: katika nyumba, undani. Maelezo hayo yanawezekana, hasa tukikumbuka kwamba kitangulizi cha mahali kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake, na -ini ilikuja kukaza tu. Hata hivyo hapa ndipo panapohitaji utafiti wa lahaja na lugha jirani kuliko mahali pengine popote katika hoja yote.

Tukumbuke pia kwamba Wazulu na Wasotho hawaliiti tena ini kwa jina la -ini. Wana isibindi na sebete. Mtu anaweza kuliona hili kuwa pingamizi, lakini mimi naliona kwa namna nyingine. Nomino ilikufa, mwanawe akaishi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zenye bahati ya kuwa na mzazi na mtoto pamoja, ini sokoni na -ni katika neno sokoni.

Kuna faida nyingine ya kuyajua haya. Mjadala juu ya asili ya Kiswahili, ambao haukosekani katika karatasi zetu za mtihani, mara nyingi huendeshwa kwa kuhesabu maneno ya mkopo, kana kwamba lugha ni gunia la mahindi. Anayeshikilia kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika anaweza kuorodhesha msamiati siku nzima. Aulizwe -ni imetoka wapi. Kiarabu hakina kiambishi hicho. Kinapatikana Nyeri, Durban na Maseru, katika vinywa vya watu ambao babu zao hawakupata kukutana sokoni wala msikitini, na kimejishikiza kwenye nomino kwa kanuni za sauti zinazoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Nimalizie kwa neno ambalo huenda msomaji amelisubiri. Maneno kadhaa ya Kiswahili yameshikana na -ni kiasi kwamba hatuioni tena: chini ni nchi na -ni, yaani kwenye ardhi, pwani ni pwa na -ni, pale maji yanapokupwa. Ndani ni la aina hiyo. Mgikuyu huita tumbo nda, Mnyarwanda huliita inda. Ukiiongeza -ni unapata ndani, "tumboni". Na kama Samsom na Schadeberg wamesema kweli kuhusu -ni, basi neno hilo fupi la silabi mbili lina viungo viwili vya mwili, tumbo na ini, na nomino ya pili imelala ndani ya ya kwanza, pale pale ambapo mchinjaji huikuta.